Simu ya Mama, Dawa za Mama: Mwongozo wa Kumsaidia Mzazi Aliye Mbali Kufuatilia Presha na Sukari

Mama yangu anaishi Pangani, mimi niko Dar es Salaam. Presha anayo miaka mingi, sukari ikaja baadaye. Nilipomnunulia simu janja nikamwekea na programu ya kukumbusha dawa, nikamfundisha nusu saa, nikapanda basi nimeridhika na nafsi yangu. Wiki ya tatu nikampigia kumuuliza kama simu inamkumbusha.

"Inanikumbusha, mwanangu. Ila inawahi mno. Inalia saa mbili asubuhi, nikiangalia imeandika saa nane. Basi naizima, nasubiri saa nane ifike."

Programu ilikuwa imeandika 8:00. Kwa mama, na kwa kila mtu wa rika lake pale mtaani, nane ni nane. Dawa ya asubuhi ikawa inamezwa mchana baada ya ugali, na wakati huo mimi huku mjini naona alama ya kijani kwamba dozi imemezwa.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba programu ndiyo inayokuja mwisho. Zinatangulia dawa zenyewe, kisha makubaliano na mzazi, kisha simu, kisha kengele. Nitaupanga mwongozo huu kwa mtiririko huo.

Hatua ya 1: Mwaga kopo la dawa mezani

Karibu kila mzee ana kopo la siagi au mfuko unaotunza dawa za miaka yote. Keti naye, mwaga kila kitu, mpange mafungu matatu: anazotumia sasa, alizoachishwa, na zile ambazo hata yeye hakumbuki alipewa lini. Usitupe chochote bado.

Soma jina la dawa lenyewe, lile dogo, siyo jina kubwa la biashara. Hapa ndipo mambo hujitokeza. Dawa ile ile, tuseme amlodipine ya presha, inaweza kuwa kwenye boksi mbili zenye majina mawili ya kampuni tofauti. Moja alipewa hospitali ya wilaya, nyingine alinunua dukani siku dawa zilipokosekana, na anameza zote mbili akiamini ni tiba mbili. Miguu ikianza kuvimba anaambiwa ni uzee, kumbe kuvimba miguu ni miongoni mwa madhara yanayojulikana ya dawa hiyo, na dozi ikizidi ndivyo yanavyozidi.

Angalia pia dawa za magoti. Diclofenac na ndugu zake zinauzwa kama karanga, na wazee wengi hawazihesabu kuwa dawa: "Hiyo ni ya maumivu tu." Zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa mtu anayetumia dawa za presha. Uliza na mizizi, na unga wa mlonge, na kile kichupa alicholetewa na shemeji. Uliza kwa upole. Ukikunja uso, siku nyingine atakificha.

Kwa anayetumia glibenclamide kwa ajili ya sukari, iwekee alama ukamuulize daktari. Inajulikana kwa kushusha sukari kupita kiasi kwa wazee, hasa anayemeza halafu hali vizuri. Lakini wewe usimwachishe dawa yoyote kwa uamuzi wako. Kazi yako ni kupiga picha na kuuliza.

Piga picha ya kila boksi upande wenye jina, miligramu na tarehe ya kuisha muda. Kisha andika orodha moja: jina la dawa, nguvu yake, mara ngapi kwa siku, kabla au baada ya chakula, na inatibu nini. Ile 1x3 inayoandikwa kwenye bahasha ya dawa maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Nimemkuta mzee mwenzake mama anayemeza vitatu kwa mkupuo asubuhi "ili nimalize kazi".

Orodha hii ipigwe picha, na nakala ya karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Simu huzima chaji, karatasi haizimi.

Hatua ya 2: Muulize anataka nani ajue nini

Mzazi si mtoto, na ugonjwa ni wake. Kaa naye, muulize: majibu ya vipimo ayaone nani? Ndugu yupi apigiwe usiku? Kuna kitu hataki shangazi asikie? Utashangaa. Mama yangu hakuwa na neno mimi kujua sukari yake, lakini hakutaka kaka yangu mkubwa ajue, kwa sababu "atanikataza maandazi mbele ya wageni".

Kundi la familia la watu arobaini si mahali pa kutupia picha ya majibu ya maabara. Fungua kundi dogo la WhatsApp la watu watatu au wanne: mgonjwa mwenyewe, anayeishi naye, anayelipia, na kama yupo, ndugu mwenye taaluma ya afya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote zinazitazama taarifa za afya kwa jicho la pekee. Nyumbani, heshima kwa mzazi ilitangulia sheria hizo.

Hatua ya 3: Itayarishe simu

Kwanza maandishi yawe makubwa. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya skrini, ongeza ukubwa wa maandishi mpaka mzazi asome bila kurefusha mkono. Simu nyingi za Android zina Kiswahili, jaribu, ila mwachie yeye achague. Kuna wazee waliozoea kuona neno "Call" lenye rangi ya kijani, na ukimwekea "Piga simu" unamvuruga.

Toa kwenye skrini ya kwanza kila kisichohitajika. Zibaki picha za watu: mtoto, mjukuu anayeishi karibu, jirani, bodaboda anayemwamini. Weka sura ya kila mmoja kwenye namba yake, ili asiyeona vizuri au asiyesoma apige kwa kutambua uso. Kwenye WhatsApp, zima upakuaji wa video unaojiendesha wenyewe, maana salamu za Ijumaa na za Jumapili zitajaza simu na kumaliza bando ndani ya mwezi.

Halafu jaza taarifa za dharura. Android na iPhone zote zina mahali pa kuandika magonjwa, dawa, mzio na namba ya ndugu, na mtu anaweza kuzisoma kupitia kitufe cha dharura bila kujua namba ya siri. Mzee akianguka sokoni, muuguzi ataona kwamba ana kisukari. Kujaza kunachukua dakika tano, na ni watu wachache sana waliojaza. Ijaribu: funga simu, jifanye mpita njia, uone kama unafika.

Unapomfundisha, simu ishikwe na yeye. Ukimchukulia mkononi kumwonyesha haraka, umejifunza wewe. Kitu kimoja kwa siku kinatosha. Mjukuu wa miaka kumi na miwili ni mwalimu mzuri kuliko wewe, kwa kuwa bibi haoni aibu kumuuliza mara ya tisa.

Kama mzazi ana kitochi na hataki kukiacha, usimlazimishe. Kitochi kina kengele, kinapiga simu na kinakaa na chaji siku kadhaa. Programu itakaa kwako.

Hatua ya 4: Kengele yenye sauti ya mjukuu

Hii ndiyo iliyotuokoa. Badala ya mlio wa simu ambao mama alidhani ni mtu anapiga, tulimrekodi mjukuu wake kwa programu ya kurekodi sauti iliyomo kwenye simu: "Bibi, shikamoo. Ni saa mbili asubuhi. Kunywa ile dawa nyeupe baada ya chai." Kwenye programu ya saa ya simu nyingi za Android, unapotengeneza kengele, unagusa sehemu ya mlio na kuchagua faili la sauti yako. Weka kengele ijirudie kila siku. Hakikisha pia sauti ya kengele imepandishwa, kwa sababu ina kiwango chake tofauti na cha simu inayoingia.

Saa itajwe kwa mdomo, kwa Kiswahili, ndani ya sauti hiyo. Kwenye maandishi ya kengele usiandike tarakimu kabisa. Andika "Dawa ya chai" au "Dawa ya kulala". Hapo mkanganyiko wa nane na mbili unakwisha.

Ifungamanishe kila dozi na jambo ambalo tayari analifanya kila siku. Chai ya asubuhi, swala ya alasiri, taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Dawa inayoongeza mkojo, kama bendrofluazide au hydrochlorothiazide, kwa kawaida huwekwa asubuhi ili asiamke usiku kwenda chooni gizani na kujikwaa. Metformin huendana na chakula, vinginevyo tumbo linamsumbua na ataiacha kimyakimya.

Ramadhani ratiba yote inapinduka. Anayetumia insulini au dawa zinazoshusha sukari azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama. Wapo watakaoambiwa wasifunge, na wapo watakaobadilishiwa dozi. Ukishapata maelekezo, futa kengele za zamani na uweke za futari na daku. Ukisahau kuzirudisha baada ya Idi, utaziona Shawwal nzima zinaamsha watu saa kumi usiku.

Hatua ya 5: Sasa programu, na iwe kwenye simu yako

Nilikosea kuiweka kwa mama. Programu nyingi hazina Kiswahili, zinauliza maswali mengi, na zinamfanya mzee ahisi yuko kwenye mtihani. Mahali pake ni kwenye simu ya mtunzaji, wewe au yule anayeishi naye. Mama anaitikia kengele, anamtumia mjukuu au mimi ujumbe wa sauti, "Nimeshakunywa", na mimi naweka alama.

Kama mzazi wako ni mwepesi wa simu na anaitaka mwenyewe, basi mwekee. Medisafe ni mfano wa zile zinazojulikana: inakumbusha dawa, na ina nafasi ya kumweka ndugu anayepata taarifa dozi inapopitwa. Yoyote utakayochagua, ichunguze hivi. Zima data uone kama bado inakumbusha. Angalia kama inaweza kutoa ripoti ya kuchapishwa au kutumwa. Tazama inaomba ruhusa gani: programu ya dawa inayotaka kusoma meseji zako zote, iache. Weka saa za mfumo wa 24, kisha kaa na mzazi mtafsiri pamoja kila moja: 08:00 ni saa mbili asubuhi, 20:00 ni saa mbili usiku.

Kuna mtego mmoja ambao hauonekani. Simu nyingi za bei nafuu zinatunza betri kwa kuzima programu zinazokaa bila kuguswa. Utaiweka leo, italia siku mbili, kisha kimya. Ingia kwenye mipangilio ya betri, itafute programu hiyo na uiruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Pia mkataze mzazi, na hasa wajukuu, kubonyeza kile kitufe cha "kusafisha" simu.

Na hili nalisema bila kumung'unya: hakuna programu inayopima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera ya simu ambayo ningemwamini nayo mama yangu. Kamera inaweza kuhesabu mapigo ya moyo. Presha inahitaji mkanda unaobana mkono. Programu nyingi zenye picha ya moyo na neno presha ni daftari tu la kuandikia namba ulizopima kwingine. Kama ni daftari sawa, lakini isiyo na mkanda isikuambie presha ni 120.

Hatua ya 6: Kupima na kutuma namba

Nunua mashine ya mkanda wa juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono ni rahisi kuvaa lakini hukosea zaidi. Mkanda uendane na unene wa mkono, kwa maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba.

Mzee aende haja ndogo kwanza. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya kanzu. Asizungumze, nawe usimsimulie ugomvi wa mirathi. Pima, subiri dakika moja, pima tena, andika zote mbili. Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote. Mkono wenye namba kubwa ndio utakaotumika siku zote.

Si lazima kupima kila saa. Wazee wengine wakipata mashine hupima mara kumi kwa siku na hofu yenyewe inapandisha presha. Asubuhi na jioni kwa siku saba kabla ya kliniki inampa daktari picha nzuri. Mama anapiga picha kioo cha mashine na kuituma kwenye kundi dogo. Picha haina makosa ya kunakili, na saa iliyotumwa inajulikana.

Kwa wagonjwa wengi wa presha lengo la matibabu ni chini ya 140/90, ila daktari wake ndiye atakayemwekea lake. Ikisoma 180/120 au zaidi, apumzike dakika tano apime tena. Ikibaki hapo na ana maumivu ya kifua, kubanwa pumzi, kichwa kinapasuka, macho yanafifia, mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki, ni hospitali sasa hivi. Mdomo kupinda na mkono kulegea ni vya kukimbilia hospitali hata kama mashine inasoma vizuri. Kama hana dalili yoyote, apigiwe daktari siku hiyo hiyo. Asiongeze dozi nyumbani.

Kuna kipimo kingine ambacho watu hawakifanyi: akisimama. Mpime amekaa, kisha asimame, mpime baada ya dakika moja na tena baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au akiona kizunguzungu, mwambie daktari. Wapo wazee wanaoanguka na kuvunjika nyonga kwa sababu hiyo, si kwa utelezi wa bafuni tu.

Kwa sukari, anawe mikono na kuikausha kabla ya kutoboa kidole. Aliyetoka kumenya embe atasoma sukari ya embe. Jua mashine yako inatumia kipimo gani: 7 ya mmol/L ni sawa na 126 ya mg/dL, unazidisha kwa 18. Mkichanganya hizo mbili kwenye kundi mtazua taharuki. Chini ya 4 mmol/L, na hasa akitokwa jasho, kutetemeka au kuongea visivyoeleweka, apewe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asiwekewe kitu mdomoni.

Hatua ya 7: Kliniki, bima na nauli

Weka tarehe ya kliniki kwenye kalenda ya simu yako na vikumbusho viwili: wiki moja kabla, ili kuhesabu dawa zilizobaki, na siku mbili kabla, ili kutuma nauli. Dawa ziagizwe kabla hazijaisha. Pengo la siku chache linaweza kurudisha presha ilikotoka.

Tunza kwenye simu picha ya kadi ya bima, kitambulisho cha NIDA na daftari la kliniki. Tanzania, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali, na vituo vingi vina dirisha la wazee. Kitambulisho cha msamaha kinaanzia serikali ya mtaa au kijiji, kwa hiyo kifuatilie kabla mtu hajaugua. Kenya, SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani ya taifa, Oktoba 2024. Usajili unafanyika kwa *147#, hata kwenye kitochi.

Mpe mzazi maswali matatu, si kumi. Yarekodi kwa sauti yako ili ayasikilize akiwa kwenye foleni. Kama daktari anaridhia, mzazi akupigie na kukuweka kwenye spika wakati wa maelezo ya dawa. Omba ridhaa kwanza, usimrekodi mtu kwa siri.

Hatua ya 8: Matapeli

Simu ya mzee mgonjwa ni shamba lao. "Mwanao kapata ajali, tuma hela ya upasuaji." Kubalianeni neno moja la nyumbani ambalo mgeni hawezi kulijua, na mwombaji asipolisema, hela haitoki. Namba ya siri ya pesa ya simu hapewi mjukuu, wakala wala "afisa wa bima". Ukipata ujumbe wa kitapeli Tanzania, unauripoti kwa kuutuma kwenye namba 15040.

Hatua ya 9: Hesabu vidonge

Kila ninapokwenda Pangani, baada ya shikamoo na chai, tunamwaga kopo tena. Tuseme alipewa vidonge 30 tarehe mosi, kimoja kwa siku, leo ni tarehe 21 na ya leo ameshakunywa, basi vibaki tisa. Mara ya mwisho programu yangu ilikuwa imejaa alama za kijani na pakiti ilikuwa na vidonge kumi na vinne. Nikamwangalia mama, mama akaangalia dirishani.

"Ile ya usiku inanifanya nikohoe. Nikiimeza silali. Sikutaka kukutia wasiwasi, nikawa nasema nimekunywa."

Ilikuwa enalapril, dawa ya presha inayojulikana kwa kikohozi kikavu. Tuliipiga picha pakiti, tukaenda kliniki Jumatatu, akabadilishiwa.